Kukataa Ndoa, Kukataa Utawala: Wanawake wa Kuja katika Filamu ya Vuta N'Kuvute

Filamu ya Vuta N'Kuvute, ambayo Amil Shivji aliiongoza na kuionesha kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa 1999. Mahali ni Unguja, miaka ya 1950, utawala wa Mwingereza ukielekea ukingoni. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume asiyemtaka, anatoroka, anapata hifadhi kwa Mwajuma katika mtaa wa Ng'ambo, na huko anakutana na Denge, kijana anayesambaza maandishi ya kuwapinga wakoloni. Ni rahisi kusema kwamba siasa yote imo mikononi mwa Denge, na Yasmin ni mpenzi wake tu. Makala haya yanashikilia kinyume chake: siasa ya filamu inaanza pale msichana anapoikataa ndoa, kabla hajajua karatasi za Denge zimeandikwa nini, na chumba cha Mwajuma ndicho kinachoipa pumzi ya kuendelea.

Nikimwita Yasmin mwanamke wa kuja, atatokea wa kupinga, akisema yeye si mhamiaji hata kidogo. Ni kweli, yeye ni wa pale pale. Lakini dola ya kikoloni haikuwahesabu watu kwa walipozaliwa. Viti vya Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kwa jamii, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata mkondo huo huo, hivyo mjukuu wa mhamiaji alibaki mhamiaji kwenye daftari la serikali. Na mji wenyewe ulisimama juu ya watu na vitu vya kuja. Makuli wa bandarini walioshiriki mgomo mkuu wa 1948 wengi wao walitoka bara. Boriti za mikoko zilizobeba dari za Mji Mkongwe zilikatwa kwa wingi katika delta ya Rufiji, kwenye mito ya maji chumvi inayozunguka vijiji kama Mbuchi, zikavushwa kwa majahazi. Kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini kwa msichana kama Yasmin ilikuwa safari ya kuhama jamii, dini ya majirani, chakula na ulinzi wa ukoo kwa mkupuo mmoja.

Je, tunaweza kuujengea hoja mwenendo wa mtu wa kubuni? Tunaweza, iwapo historia inakubaliana naye, na hapa ushahidi mzito unatoka Dar es Salaam. Mwaka 1955, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipohitaji wanawake, Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye asili ya Rufiji, alivitumia vikundi vya ngoma vya mjini. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Mwanahistoria Susan Geiger, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU, anaonesha kwamba wengi wao walikuwa Waislamu wa makamo, wenye elimu ndogo ya shule, na wengi wameachika. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Aliyeachika hakuwa na mume wa kumwomba ruhusa ya kwenda mkutanoni usiku, na katika chumba alichopanga aliweza kukutana na wenzake bila kuulizwa. Bibi Titi naye aliozwa angali msichana mdogo, kisha ndoa ile ikavunjika. Mwajuma wa filamu, aliyechezwa na mwanamuziki Siti Amina, ni wa kundi hilo: mwanamke asiye na bwana mlangoni, na kwa hiyo mlango wake uko wazi kwa msichana mtoro na kwa kijana anayewindwa na polisi.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka katika historia iliyofuata. Mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wakubwa wa Baraza la Mapinduzi la Zanzibar, na serikali ikatetea kitendo hicho kwa hoja ya kuvunja utengano wa rangi. Anayelikumbuka hilo atauliza kama mapenzi ya Yasmin na Denge hayapambi jambo ambalo baadaye liligeuka mateso. Ni swali la haki. Hata hivyo, filamu imelijibu kwa mpangilio wake wenyewe: Yasmin anakataa kwanza, ndipo anachagua. Ukiuondoa ukataaji ule, ukabakiza mchanganyiko wa rangi peke yake, unapata siasa ya 1970. Kwa hiyo wanaoiona ndoa ya Yasmin kuwa mlango tu wa kuingilia hadithi wanakiacha nje kipimo kinachoweza kumhukumu mkoloni na mkombozi kwa pamoja.

Filamu inapopungukiwa ni kwa Mwajuma. Uamuzi wa Yasmin tunaujua chanzo chake na gharama yake. Kwa Mwajuma tunapewa ukarimu, uchangamfu na sauti nzuri, lakini hatuoneshwi alikataa nini hata akawa na chumba chake. Ng'ambo ilijaa wazao wa watumwa na wafanyakazi wa kuja kutoka bara, na wanawake wa hali kama yake hawakusalimika uhuru ulipofika. Upande wa bara, Bibi Titi alishindwa ubunge Rufiji mwaka 1965, akakamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Filamu itakayoanzia kwa Mwajuma italazimika kuvuka mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, na kumwonesha mwenye chumba baada ya waliojificha humo kushika madaraka.