BANGO NI MKUTANO: FUNDISHO LA KARAKANA ZA UMMA ZA AFRIKA YA KUSINI

Kila chama cha ukombozi kimepata kutumia mabango. Lakini si kila chama kimejiuliza swali la msingi: bango hutengenezwa na nani? Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kujadili maneno ya bango, rangi zake na mahali pa kulibandika. Swali la nani alilitengeneza huachwa kando, kana kwamba ni la mafundi tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni la kisiasa, na kwamba jibu lake ndilo linaloamua kama bango litakuwa chombo cha umma au amri iliyopakwa rangi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika kata moja tuliyopata kufundisha, yaliletwa mabango ya kupiga vita kipindupindu. Yalikuwa yamechapwa vizuri kwenye karatasi nzito ya kung'aa. Picha ilimwonyesha mama akinawa mikono kwenye bomba, ndani ya nyumba yenye sakafu ya vigae. Wananchi wa kata ile walichota maji kisimani, na shida yao haikuwa kutojua kunawa. Shida ilikuwa kwamba kisima kilichimbwa chini ya mteremko wenye vyoo. Kila mama aliyechota maji pale alilijua jambo hilo, lakini hakuna aliyemwuliza. Baada ya mwezi mmoja tuliyakuta mabango yale yamefanywa majalada ya madaftari ya wanafunzi. Sisi makada tukalalamika kwamba wananchi hawana mwamko. Kumbe waliokosa mwamko ni sisi.

Tangu siku ile tumejifunza kuitazama upya historia ya wenzetu wa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1980. Historia hiyo haituhusu kwa mbali. Wapigania uhuru wa ANC waliishi Morogoro, wakafanya mkutano wao mkuu huko mwaka 1969, na baadaye wakajenga shule ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu. Tuliwapa ardhi na hifadhi. Sasa yafaa nasi tupokee fundisho kutoka kwao.

HALI ILIYOZAA KARAKANA

Makaburu hawakutawala kwa bunduki peke yake. Walishika redio, televisheni na vitabu vya shule. Tarehe 19 Oktoba, 1977 walipiga marufuku vyama na vikundi 18 pamoja na gazeti la The World lililosomwa na Waafrika wengi. Umma ulinyimwa mdomo. Mtu wa Soweto au Langa aliyepandishiwa kodi ya nyumba hakuwa na pahala pa kumweleza jirani yake wa mtaa wa pili kwamba naye amepandishiwa.

Katika hali hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakimbizi wa Afrika ya Kusini waliokuwa Gaborone, wakishirikiana na wananchi wa Botswana na marafiki wa nchi nyingine, waliunda kikundi cha Medu. Kwa Kisotho cha Kaskazini neno hilo maana yake ni mizizi. Ndani yake mlikuwa na watu wa muziki, wa michezo ya kuigiza, wa maandishi, wa picha na wa michoro. Hawakupenda kujiita wasanii. Walijiita wafanyakazi wa utamaduni. Maana yake ni kwamba mchoraji hakai juu ya mfanyakazi wa kiwandani wala pembeni yake. Yumo katika mstari huo huo, na kazi yake itapimwa kwa kipimo hicho hicho: imeisaidia nini jamii inayopigana?

Mwezi Julai 1982 Medu waliandaa mkutano mkubwa wa utamaduni na mapambano mjini Gaborone. Walikutana waliokuwa uhamishoni na waliotoka ndani ya nchi. Waliporudi makwao, wengi walirudi na azimio la kuzifikisha mbinu za uchapaji mikononi mwa watu wa mitaani. Mjini Cape Town, kituo cha sanaa cha jamii kilichokuwapo tangu 1977 kilikuwa na karakana ya mabango. Mjini Johannesburg ilianzishwa karakana nyingine mwaka 1983, mwaka ule ule ambao muungano wa UDF ulizinduliwa, tarehe 20 Agosti, huko Mitchells Plain.

KAZI ILIVYOFANYIKA

Chombo chenyewe kilikuwa rahisi. Ni kiunzi cha mbao kilichowambwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo. Chini yake huwekwa karatasi iliyokatwa umbo linalotakiwa. Rangi humiminwa, kisha hukokotwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira, nayo hupenya palipoachwa wazi tu. Karatasi iliyochapwa hutundikwa kwenye kamba kama nguo, ikauke. Kazi hii haihitaji mtambo mkubwa wala umeme, na kikundi kidogo kinaweza kuchapa mamia kwa siku moja. Medu walifika hata kubuni vifaa vya kuchapia vinavyoingia katika sanduku moja la safari, ili karakana iweze kubebwa kwa mkono.

Lakini nguvu ya karakana haikuwa katika mbao na rangi. Ilikuwa katika utaratibu. Chama cha wapangaji, chama cha wafanyakazi au kikundi cha akina mama hakikuja kuagiza bango kama mtu anavyoagiza suruali kwa fundi cherehani. Kilituma watu wake, wakaketi na kuulizana. Tatizo letu ni nini hasa? Linasababishwa na nani? Tunataka jirani afanye nini akishasoma? Aje mkutanoni, asuse basi, au asilipe nyongeza ya kodi? Mpaka kikundi kikubaliane juu ya maneno matano au sita ya kuandika, kimekwisha fanya uchambuzi wa hali yake. Hapo ndipo tunaposema bango ni mkutano. Karatasi ni kumbukumbu tu ya mkutano huo.

Tuchukue mfano wa Lamontville, karibu na Durban. Mwaka 1983 wananchi walipinga nyongeza ya kodi za nyumba, na mwezi Aprili diwani wao, Msizi Dube, aliyekuwa mstari wa mbele kuipinga, akauawa. Kilio cha watu kikawa neno moja: Asinamali, yaani hatuna fedha. Hata Mswahili analisikia neno hilo bila mkalimani. Mtaalamu wa matangazo ofisini asingeliweza kulibuni, kwa sababu halikubuniwa. Lilitoka katika mifuko mitupu ya watu wenyewe.

Adui alilitambua jambo hili mapema kuliko makada wengi. Tarehe 14 Juni, 1985 majeshi ya makaburu yalivuka mpaka usiku, yakashambulia nyumba mjini Gaborone na kuua watu 12. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa Medu, mzaliwa wa Alexandra. Michoro yake ilichukuliwa na askari. Medu ikafikia mwisho wake. Ndani ya nchi, hali ya hatari ilitangazwa Julai 1985 katika baadhi ya wilaya, na nchi nzima Juni 1986; polisi wakawasaka wachapaji na waliokutwa na mabango. Tujiulize: kwa nini dola yenye ndege na vifaru imwogope mtu mwenye kiunzi na kopo la rangi?

MIGONGANO NDANI YA KAZI

Si haki kuisimulia historia hii kama hadithi ya ushindi mtupu. Karakana zilikuwa na mgongano ambao kila kada ataufahamu. Mkutano wa hadhara ni kesho, watu wa mtaani hawajui kukata karatasi, fundi anajua. Je, afundishe, bango lichelewe, au alifanye mwenyewe usiku na liwahi? Kila alipolifanya mwenyewe, bango lilipendeza na watu hawakujifunza. Mgongano kati ya huduma na mafunzo ulijadiliwa sana, na haukupata dawa ya mara moja. Pia karakana nyingi zilitegemea fedha za wafadhili wa nje. Mapambano yalipoingia hatua ya mazungumzo na uchaguzi wa 1994, fedha hizo zilielekezwa kwingine, na kazi nyingi za aina hiyo zikadhoofika. Asiyejitegemea hufa na mfadhili wake.

WAJIBU WETU

Sisi tunayo mizizi yetu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulisisitiza kwamba wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo. Huo ulikuwa ushahidi kwamba umma ukijadili, hutenda.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chuo cha siasa kifundishe uchapaji huu wa mkono. Mbao, kitambaa na rangi vinapatikana katika maduka yetu. Pili, kabla ya bango lolote la afya, maji au kilimo kupelekwa katika kijiji, wanakijiji wapewe nafasi ya kutengeneza lao. Tatu, fundi ahesabiwe amefaulu siku atakapoondoka na kazi ikaendelea.

Liko sharti moja, nalo ni gumu. Wananchi watakapoketi na kuulizana tatizo linasababishwa na nani, pengine watatutaja sisi. Pengine watachora kisima kilichojengwa vibaya na kuandika jina la kamati iliyokijenga. Kada atakayelibandua bango hilo usiku atakuwa amejibu swali tuliloanza nalo, naye atakuwa amelijibu kwa upande wa adui. Aliye kada wa kweli atalisoma, ataitisha mkutano chini yake, na kesho yake atachukua jembe kwenda kusaidia kuchimba kisima kingine, juu ya mteremko.