Mgongo wazi: Upasuaji hufunga kidonda, figo hubaki hatarini

MTOTO anapozaliwa akiwa na uvimbe laini mgongoni, mfano wa kifuko cha maji, swali la kwanza la wazazi huwa ni iwapo atatembea. Ni swali la haki. Hata hivyo, kwa wengi wa watoto hawa kinachotishia maisha miaka inaposonga si miguu bali figo.

Maradhi hayo, ambayo madaktari huyaita spina bifida na wengi huyajua kwa jina la mgongo wazi, hutokana na uti wa mgongo kukosa kujifunga katika siku 28 za kwanza za mimba. Wakati huo mama wengi huwa hawajatambua kwamba ni wajawazito.

Kifuko hicho hufaa kufunikwa mara moja kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji ya chumvi ya hospitali, na mtoto alazwe kifudifudi. Upasuaji wa kukifunga hufanywa ndani ya siku mbili au tatu inapowezekana, ili kuzuia viini kupenya hadi ubongoni. Aliye Nairobi huelekezwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, au kitengo cha BethanyKids katika Hospitali ya AIC Kijabe, kaunti ya Kiambu. Upasuaji huo haurejeshi neva zilizokwisha kuharibika.

Wengi wao pia hujaa maji kichwani. Tiba ya kawaida ni mrija unaoyateremsha hadi tumboni, lakini mrija huweza kuziba au kuingia viini. Katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, Dkt Benjamin Warf alibuni njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo na kuchoma tishu zinazozalisha maji hayo, bila kuacha mrija mwilini. Utafiti uliofanywa huko kwa watoto wachanga 100 na kuchapishwa mwaka wa 2017 haukuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili baina ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja.

Kuhusu mkojo, hapo ndipo wazazi hukosea bila kujua. Kibofu kisichopokea amri za neva ama huvuja ovyo, ama hukaza na kushikilia mkojo. Unaoshikiliwa huzalisha viini, na shinikizo lake huusukuma kurudi kwenye figo. Nepi iliyolowa humfanya mzazi aamini kwamba mtoto anakojoa vyema, ilhali huenda yanayotoka ni yale yaliyofurika tu. Figo huharibika kimyakimya, bila maumivu, hadi siku mtoto anapovimba uso.

Tiba yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka wa 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kuingiza mpira wa mkojo mwenyewe, kila baada ya saa chache, kwa mikono iliyooshwa tu. Usafi wa chumba cha upasuaji si lazima. Mama hufundishwa kumfanyia mtoto, kisha mtoto hujifunza mwenyewe akifikia umri wa shule. Baadhi hupewa pia dawa ya oksibutinini ili kulegeza kibofu. Kwa kuwa watoto hawa huathiriwa upesi na mzio wa mpira wa asili, vifaa vya plastiki au silikoni ndivyo hupendekezwa.

Katika mtaa kama Tassia, Embakasi, mikono safi ina gharama. Maji ya mfereji yanapokatika hununuliwa kwa mitungi, na majengo mengi ya ghorofa hayana lifti. Mtoto asiyetembea hubebwa ngazini pamoja na maji hayo. Shuleni huhitajika choo chenye mlango unaofungika na mwalimu anayeelewa ni kwa nini mwanafunzi hutoka kila baada ya saa tatu au nne.

Wavulana wengine huzaliwa na mgongo mzima lakini utando ukiwa umeziba njia ya mkojo. Mtoto wa kiume anayetoa mkojo kwa matone, au kwa kujikamua, apelekwe hospitalini bila kungoja. Utando huo huondolewa kwa kifaa chembamba kinachopitishwa njia hiyo hiyo.

Kinga ya mgongo wazi ni asidi ya foliki. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 1991, uliohusisha nchi saba, ulionyesha kwamba ilipunguza kurudiwa kwa maradhi hayo kwa asilimia 72. Tangu 2012 sheria ya Kenya huwataka watengenezaji waiongeze katika unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti. Unga wa mashine za kusagia mtaani kwa kawaida hauna. Kwenye kliniki za umma wajawazito hupewa vidonge vyenye mikrogramu 400, ila anayefika mwezi wa nne huwa amechelewa kwa jambo hili.

Mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi mara kumi ya hicho, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba nyingine. Anayetumia dawa ya kifafa ya valproeti, ambayo huongeza hatari, amwone daktari kwanza badala ya kuiacha mwenyewe.