Ua lililohesabiwa moja

Kwa Kiswahili, ua ni la kunusa na ua ni wa kuzungushia nyumba. Hapa makazini nyua nyingi ni za minyaa, ile miti isiyo na majani, vijiti vya kijani tu. Majirani zetu Wanyarwanda wanaiita umuyenzi. Unakata kijiti, unachomeka, kinashika. Watoto tunawakataza kuivunja kwa sababu ya ule utomvu mweupe: ukiingia jichoni, usiku huo hakuna anayelala nyumba nzima. Sasa siku moja mtoto wa jirani akaniuliza, "Mjomba, huu ua hautoi ua?"

Unatoa, ila ni madogo mno, kama punje za manjano kwenye ncha. Ili aone vizuri nikampeleka kwa ndugu wa mnyaa, ule mmea wa miiba wenye rangi nyekundu unaopandwa mbele ya makanisa. Wengine wanauita taji la miiba, na asili yake ni Madagaska. Ni jamii moja, Euphorbia, yenye spishi karibu 2,000. Tukachukua wembe.

Zile petali mbili nyekundu, kumbe si petali. Ni vijani vilivyovaa rangi. Katikati yake kuna kikombe kidogo, na ukingoni mwa kikombe kuna tezi tano zenye maji matamu ya kuita wadudu. Ndani ya kikombe ndimo kwenye habari. Katikati amekaa wa kike, peke yake: ovari tupu yenye vyumba vitatu, juu ya kikonyo chake. Kandokando yake kuna makundi matano ya maua ya kiume, na kila ua la kiume ni stameni moja tu, basi. Halina petali, halina nguo yoyote. Familia nzima ndani ya kikombe kimoja, na kwa mbali unaapa ni ua moja. Wataalamu hukiita siathiumu, kutoka neno la Kigiriki la kikombe cha kuchotea divai.

Jina Euphorbia lenyewe lina safari yake. Mwaka 46 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipita barabarani Roma akionyesha mateka wake, na kati yao kulikuwa na mtoto mdogo wa mfalme aliyeshindwa kule Afrika Kaskazini. Mtoto huyo, Juba, alilelewa ugenini, akasoma sana, na Augustus akaja kumpa ufalme wa Mauretania. Pliny anaandika kwamba ni Juba aliyeupa mmea wa milima ya Atlas jina la daktari wake, Euphorbus. Mimi napenda kukumbuka kwamba jina hilo lilitolewa na mtu aliyekulia uhamishoni.

Linnaeus, Mswidi, aliyapanga mimea kwa kuhesabu. Katika kitabu chake cha 1753 alihesabu stameni, akahesabu mitindo ya kike, akaiweka Euphorbia kwenye darasa la wenye stameni kumi na mbili hivi na mitindo mitatu. Kwake kikombe kilikuwa ua moja lenye stameni nyingi. Hakuwa mjinga. Alikuwa na mimea maelfu ya kupanga, na kikombe kilikuwa kimefungwa kama ua.

Hapo nisimame kidogo. Tulipofika mara ya kwanza upande huu wa mpaka, mwandishi mmoja aliandika jina la baba juu ya karatasi yetu ya chakula, na pembeni akaandika 1. Tulikuwa saba. Alikuwa ameona turubai moja, mlango mmoja, muzee mmoja amesimama mbele. Ilichukua miezi kuirekebisha ile namba. Miezi hiyo yote tulikula kwa hesabu ya mtu mmoja.

Aliyesahihisha hesabu ya Linnaeus ni Robert Brown, Mskoti aliyezunguka Australia na meli ya Flinders. Katika maandishi yake ya 1814 alionyesha jambo dogo kabisa. Uzi wa stameni wa kawaida ni laini kutoka chini hadi juu. Uzi wa Euphorbia una kiungo katikati, kama kidole. Brown akasema: chini ya kiungo ni kikonyo, juu yake ni stameni, kwa hiyo pale kwenye kiungo ndipo ua lilipo, hata kama halina vazi. Kila uzi ni ua zima.

Ushahidi zaidi ulitoka Afrika. Mwaka 1824 Adrien de Jussieu alieleza Anthostema, mti wa Senegali ulio jamaa ya Euphorbia. Kwenye kila kiungo cha uzi wake kuna kikaliksi kidogo kimekaa kama kola ya shati. Yaani kile ambacho Euphorbia imevua, jamaa yake bado anakivaa.

Ungedhani mabishano yaliisha. Hapana! Mwaka 1858 Henri Baillon, mtaalamu mkubwa wa Kifaransa, alirudi kutetea kwamba ni ua moja lenye jinsia mbili. Wengi hawakumfuata. Lakini mwaka 2007 Gerhard Prenner na Paula Rudall, wakitazama kwa hadubini jinsi kikombe kinavyokua tangu kikiwa chipukizi, walionyesha kwamba mpaka kati ya ua na kundi la maua hauko wazi kama vitabu vinavyouchora. Kundi limeshikamana hadi limeanza kukua kwa mtindo wa ua. Wale watu saba bado ni saba, ila wamekaa pamoja muda mrefu sana.

Mtoto alishika wembe akaanza kuhesabu nyuzi, akapotea, akaanza tena. Kisha akanyamaza, akaniangalia. "Na hawa wote wanakaa humu?" Nikamwambia ndiyo. Tukanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, kabla ya kugusa macho.