Pikipiki ya Mchangani

Ukanda wa pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Mto Ruvuma, ni mchanga mtupu, na umo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Gari dogo hunasa mapema. Pikipiki hupita, ikibeba abiria, ndoo za samaki na, msimu ukifika, magunia ya korosho.

Pikipiki aina ya Boxer ya India na SanLG ya China hutoka kiwandani zikiwa za barabara ya kawaida. Fundi ndiye anayezimalizia. Tazama nyuma ya kiti: keria ya nondo iliyochomelewa, imefungwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mbele kuna ngao ya bomba, ya kukinga injini na miguu.

Dereva mzoefu hupunguza upepo wa matairi, hukaa nyuma kidogo na hakati mafuta. Breki ya mbele haigusi: gurudumu likizama, mzigo wote unamfuata.

Si huku tu breki ya mbele inakoepukwa: Marekani kuna mbio za pikipiki kwenye viwanja vya udongo vya mviringo, ambako pikipiki hazina kabisa breki hiyo. Mshindani hukata kona za kushoto tu, gurudumu la nyuma likiteleza kwa makusudi, huku mguu wake wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, ukiburuzika chini. Harley-Davidson XR750 ya mwaka 1970 ndiyo maarufu kuliko zote. Ina injini ya sentimita za ujazo 750, ila haina pa kuweka gunia.