Samaki wa Birika: Lamu Ilivyowazuia Mbu Kabla ya Dawa

Kila Agosti 20 dunia huadhimisha Siku ya Mbu, kumkumbuka Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza ambaye siku kama hiyo mwaka 1897, mjini Secunderabad, India, alimpasua mbu na kukuta tumboni mwake vimelea vya malaria. Hotuba za siku hiyo huanza na Ross, hupitia DDT na kuishia kwenye chandarua. Lamu haitajwi. Nami nashikilia kwamba inastahili kutajwa, na mapema, kwa sababu nyumba za mawe za Amu, kama wenyeji wanavyouita mji wa Lamu, zilikuwa zikiwaangamiza mbu majini kabla Ross hajazaliwa.

Ingia katika nyumba yoyote ya kale ya Lamu ambayo haijavurugwa, uombe kuonyeshwa choo. Pembeni utaona birika: tangi la mawe lililopigwa lipu ya chokaa, ambamo maji ya kuoga na kutawadha yalichotwa kwa kata ya kifuu cha nazi. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, fundi alipachika bakuli la kaure lililovuka bahari kutoka Uchina. Wageni hudhani ni pambo. Birikani mlifugwa visamaki vidogo, na kazi yao ilikuwa moja, kula viluwiluwi vya mbu. Maji yalipopungua, au birika lilipokaushwa lisuguliwe, visamaki vilijikusanya ndani ya bakuli, kwenye maji yaliyobaki, vikasubiri birika lijazwe tena.

Sidai kwamba wazee wale walijua mbu ndiye aletaye homa. Walijua anakoanzia, na walijua kwamba visamaki vikifa kwa kukosa maji siku moja, siku chache baadaye nyumba nzima haina usingizi. Ndiyo maana ya bakuli lile.

Kwa ramani na vipimo vya nyumba hizi, nyingi zikiwa za karne ya 18, tunamshukuru Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyechapisha Lamu: A Study of the Swahili Town mwaka 1975, pamoja na James de Vere Allen wa Makumbusho ya Lamu. Walioandika baada yao wamevutiwa zaidi na zidaka, nakshi za chokaa na milango. Hata UNESCO ilipoutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, sifa zilikwenda kwa mawe, boriti na vichochoro. Birika limebaki habari ya chooni, jambo la kusemwa kwa haraka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipopotea somo kubwa kuliko yote ya nyumba ya Lamu.

Karne ya 20 ilikuja na dawa, na hadithi yake inajulikana. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 jinsi DDT inavyoua wadudu, Shirika la Afya Duniani likatangaza mwaka 1955 vita vya kuitokomeza malaria, na mwaka 1969 likakiri kwamba kwa njia ile haiwezekani kila mahali. Jirani zetu walipitia hayo. Nyumba za Taveta na Pare zilipuliziwa dawa ya kuua wadudu iitwayo dieldrin katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Unguja na Pemba zilipuliziwa dawa kwa miaka kumi hadi 1968, malaria ikashuka sana, kazi ikasimamishwa, malaria ikarudi. Na tayari katikati ya miaka ya 1950, kaskazini mwa Nigeria, walikwisha kuonekana mbu wa Anopheles gambiae ambao dieldrin haiwaui.

Visiwa vyetu vilikuwa na onyo la aina nyingine. Wakati huo huo watafiti wa magonjwa yaenezwayo na wadudu, wakiwamo R. B. Heisch na George Nelson, walikuwa wakichunguza kisiwani Pate ugonjwa wa matende na mabusha. Utafiti wa miaka hiyo ulionyesha kwamba mbu mmoja wa mikokoni, Aedes pembaensis, hutaga mayai yake juu ya mwili wa kaa. Mwaka 1958 mnyoo mpya aliyepatikana Pate ndani ya paka, mbwa na kanu alipewa jina la Wuchereria patei, leo Brugia patei, na jina la kisiwa likaingia katika vitabu vya tiba. Sasa fikiria: ukuta wa nyumba ukipakwa dawa mara mia, mbu aliyezaliwa juu ya kaa katika shimo la matope atadhurika vipi? Kila mbu ana maji yake, na anayetaka kumzuia sharti ayajue maji hayo kwanza.

Vyandarua vilileta nafuu ya kweli, na ni dhuluma kuvibeza. Majaribio yaliyofanywa Kilifi kati ya 1993 na 1995 yalionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa theluthi moja. Kuanzia mwaka 2006 serikali ikavigawa kwa mamilioni. Utafiti wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto 5 katika kila 100 ukanda wa pwani, dhidi ya 19 kando ya Ziwa Victoria.

Lakini vyandarua vyote vile vilibeba kundi moja tu la dawa, pairethroidi, zilizoigizwa na wanakemia kutokana na ua la pareto ambalo Kenya yenyewe iliongoza duniani kwa kulilima. Miaka ya 1990, katika vijiji vya magharibi mwa Kenya vilivyopewa vyandarua na mapazia yenye dawa, mbu walianza kuonyesha usugu. Dawa hizi huua kwa kushika mlango fulani katika mishipa ya fahamu ya mdudu na kuuacha wazi. Mbu mwenye badiliko dogo la kurithi katika mlango huo hashikiki. Wengine hutengeneza vimeng'enya vingi vinavyoivunja dawa kabla haijafika mishipani. Anayenusurika hutaga, na watoto wake hunusurika. Majaribio ya Misungwi, Tanzania, yalionyesha kwamba chandarua kilichochanganywa na dawa ya pili, chlorfenapyr, hufanya kazi vizuri zaidi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likakipendekeza. Ni hatua njema. Hata hivyo ni dawa nyingine tena, na mbu hawajaacha kujifunza.

Lamu ilionyeshwa gharama ya kusahau maji mwaka 2004. Nchi ilikuwa na ukame na joto kali. Maji yalikuwa haba, na kila nyumba iliweka akiba katika mapipa, mitungi na matangi. Chombo kilichopaswa kumwagwa na kujazwa upya kila baada ya siku mbili tatu kikakaa wiki kadhaa, kwa sababu nani amwage maji wakati wa shida? Humo akazaliana Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Chandarua kilichofungwa juu ya kitanda hakimzuii mbu ambaye saa ya kulala amekwisha kula.

Katikati ya mwaka ule homa ikatanda Amu. Watu waliumwa viungo kwa namna ambayo malaria haiumizi: vifundo, magoti na viganja. Ugonjwa huu wa chikungunya humfanya mtu mzima ainame kama kizee, na wengine hubaki na maumivu kwa miezi. Haukuwa mgeni Afrika Mashariki. Ulitambuliwa mara ya kwanza katika nchi ya Wamakonde, Tanganyika, mwaka 1952. Lakini katika mji uliozoea kwamba homa ni malaria, haukuwa wa kwanza kufikiriwa.

Oktoba 2004 watafiti walipima damu za wakazi 288 wa kisiwa cha Lamu. Walikuta alama za virusi kwa 215, robo tatu ya waliopimwa. Kwa hesabu hiyo, watu kama 13,500 kati ya wakazi 18,000 hivi waliambukizwa. Sijui janga jingine la karibuni lililoingia nyumba nyingi hivyo za Amu kwa mpigo, na nasikitika kwamba halina hata kibao cha ukumbusho.

Halikuishia hapa. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa Mombasa. Mwaka 2005 likafika Ngazija, likavuka hadi Mayotte, Morisi na Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi waliugua, na mwaka 2006 India ikahesabu wagonjwa zaidi ya milioni moja. Watafiti waliochunguza chanzo chake pwani waliuonyesha ukame pamoja na maji ya akiba yaliyokaa majumbani. Nayasoma maelezo yao nikiwaza lile bakuli la kaure. Pipa la plastiki halina bakuli, na ni wachache leo wanaotia samaki ndani yake.

Miaka zaidi ya 20 baadaye yupo mbu mwingine njiani, na huyu ni wa malaria yenyewe. Anopheles stephensi ni mwenyeji wa Asia ya Kusini na nchi za Ghuba. Tofauti na ndugu zake wa Afrika wanaopenda vidimbwi vya mvua na mashamba, yeye hustawi mijini, katika matangi, visima na mabirika, na dawa nyingi tunazozitegemea hazimtishi. Alionekana Djibouti mwaka 2012, nchi iliyokuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria mwaka huo. Mwaka 2020 ilikuwa na zaidi ya 73,000. Akaonekana Ethiopia, Sudan na Somalia. Mwishoni mwa 2022 akakutwa Marsabit, na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ikatangaza mapema 2023.

Tazama ramani. Barabara ya LAPSSET, mradi wa bandari na njia za kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, inatoka Lamu kupitia Isiolo na Marsabit kuelekea Ethiopia. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, na meli zinatia nanga kutoka pande zile zile za bahari alikotokea mbu huyu. Mumbai, ambayo majahazi yetu yaliijua kwa karne nyingi, ilipambana naye tangu mwanzo wa karne ya 20 kwa kufunika visima. Palikuwa na ugomvi mkali, maana kwa baadhi ya wenyeji kisima kilikuwa kitu kitakatifu. Hata leo wakaguzi wa mji ule hupanda juu ya mapaa kuangalia vifuniko vya matangi.

Serikali ya Kaunti ya Lamu isingoje mgonjwa wa kwanza. Iwatume wahudumu wa afya ya jamii wachunguze viluwiluwi katika matangi ya Amu, Mokowe, Faza na eneo la bandari, mwezi kwa mwezi. Makumbusho nayo yalete watoto wa shule waone birika lenye maji na samaki wanaoogelea, badala ya shimo kavu. Wanaokarabati nyumba za kale kuwa hoteli wasilibomoe birika. Nawe msomaji mwenye pipa au tangi, lifunike leo. Lisilofunikika litie samaki. Na ukishikwa na homa, kapimwe kabla ya kumeza dawa ya malaria.