Falke (nomino ya Kijerumani)

Falke ni nomino ya Kijerumani inayomtaja kozi, yaani ndege mbuai wa jenasi Falco, mwenye mabawa yaliyochongoka na mdomo uliopinda kama ndoana. Katika umoja huitwa der Falke, na katika wingi die Falken. Kwa anayejifunza Kijerumani neno hili lina manufaa makubwa, kwani ni mfano safi wa kundi linaloitwa n-Deklination: nomino za kiume ambazo hupokea -n kila zinapoacha nafasi ya kiima. Anayelimudu neno hili huwa amezimudu pia nomino nyingi za wanyama na watu zinazofuata kanuni hiyohiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili hulikabili akiwa na akiba nzuri, maana amezoea tangu utotoni kutenganisha umbo la nomino na upatanisho wake.

Matamshi na tahajia

Nomino zote za Kijerumani huanza kwa herufi kubwa popote zilipo katika sentensi, kwa hiyo huandikwa Falke, si falke. Neno lina silabi mbili na mkazo uko kwenye ya kwanza. Konsonanti l na k hufuatana bila irabu katikati, na Mswahili hana budi kujizuia asitamke “falike”.

Irabu ya mwisho ni hafifu: haitamkwi wazi kama e ya Kiswahili. Tofauti hiyo husikika vizuri katika neno shule, lililotoka kwa Kijerumani Schule. Wajerumani humalizia Schule kwa sauti iliyofifia, ilhali Waswahili wameipa e yao kamili. Anayetaka kutamka Falke sawasawa aanze kwa kusikiliza jinsi Mjerumani anavyotamka Schule.

Mkazo wa Falke hauna taabu, kwa kuwa silabi ya kwanza ndiyo pia ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo Kiswahili huweka mkazo wake. Taabu huja neno linapoambatanishwa. Katika Turmfalke na Wanderfalke, Wajerumani hukazia Turm- na Wan-, wakati ulimi wa Mswahili hukimbilia -fal-.

Jinsia ya kisarufi

Kijerumani kina jinsia tatu, zinazoonyeshwa na der kwa ya kiume, die kwa ya kike na das kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Falke ni ya kiume, iwe ndege anayetajwa ni dume au jike. Mwisho wa -e huwapotosha wanafunzi, kwa sababu nomino nyingi zenye mwisho huo ni za kike. Miongoni mwa ndege mbuai wenyewe wamo die Eule, bundi, na die Weihe, ndege wa jenasi Circus.

Kwa Mswahili hali hii si ngeni. Kipanga, kiboko na kifaru huanza kwa ki-, lakini hakuna asemaye “kiboko kimelala”. Husemwa kiboko amelala, kwa kuwa kiumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA hata umbo la jina lake likiwa la ngeli nyingine. Vivyo hivyo Falke ina sura ya nomino ya kike lakini upatanisho wake ni wa kiume. Walimu wengi husisitiza kwamba nomino ikaririwe pamoja na der, die au das yake tangu siku ya kwanza. Ushauri huo una uzito zaidi hapa, kwa kuwa sura ya neno pekee hudanganya.

Ndege mbuai wengi wana majina ya kiume: der Adler ni tai, der Habicht na der Sperber ni vipanga, der Bussard ni shakivale, der Milan ni mwewe na der Geier ni tumbusi.

Umbo katika sentensi

Sentensi nne zinatosha kuonyesha mabadiliko yote ya umoja:

- Nominativi: Der Falke fliegt. (Kozi anaruka.)
- Akusativi: Ich sehe den Falken. (Ninamwona kozi.)
- Dativi: Ich gebe dem Falken Fleisch. (Ninampa kozi nyama.)
- Genitivi: Die Flügel des Falken sind spitz. (Mabawa ya kozi yamechongoka.)

Katika wingi umbo ni Falken kote. Kinachobadilika ni artikeli peke yake: die, die, den, der.

Kiswahili huonyesha mtendwa ndani ya kitenzi, kwa kiambishi -mw- au -m-, na jina kozi hubaki lilivyo. Kijerumani huacha kitenzi kama kilivyo, kikabadilisha artikeli na jina. Tena, kama vile ninamwona na ninampa hutumia kiambishi kimoja kwa mtendwa na mtendewa, ndivyo umbo Falken linavyotumika katika nafasi zote mbili, na tofauti hubebwa na den na dem.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusema “den Falke”, bila -n. La pili ni kusema “des Falkes”, kwa kufuata mfano wa des Adlers na des Habichts. Genitivi ya Falke haipokei -s. Izingatiwe pia kwamba Falken pekee haionyeshi idadi. Den Falken baada ya sehe ni ndege mmoja. Die Falken ni wengi.

Kanuni hiyohiyo huongoza der Löwe (simba), der Affe (nyani), der Hase (sungura) na der Rabe (kunguru), pamoja na nomino za watu kama der Junge (mvulana), der Kunde (mteja) na der Kollege (mfanyakazi mwenza). Zipo pia zisizo na -e ambazo hupokea -en, kama der Elefant (tembo), ambaye huwa den Elefanten. Hivyo mazungumzo ya kawaida kabisa kuhusu mbuga za wanyama hayakamiliki bila n-Deklination.

Asili

Katika Kijerumani cha Juu cha Kale neno lilikuwa falko, nalo huhusishwa na falco ya Kilatini cha baadaye. Wapo wanaisimu wanaoliunganisha na falx, yaani mundu, kwa ajili ya umbo la kucha, mdomo au mabawa. Wengine huona kwamba lilizaliwa katika lugha za Kijerumani kwanza. Ile -n ni masalia ya mpangilio wa zamani wa lugha hizo, ambamo kundi kubwa la nomino lilikuwa na n katika shina.

Maneno yaliyoambatanishwa

Katika neno ambatani la Kijerumani, sehemu ya mwisho ndiyo hutawala jinsia. Falke likikaa mwisho, neno zima huwa la kiume na hufuata n-Deklination: der Turmfalke, den Turmfalken.

Turm ni mnara, na Turmfalke amepewa jina hilo kwa desturi yake ya kutaga katika minara ya makanisa na majengo marefu. Ndiye kozi anayeonekana zaidi Ujerumani. Hutambulika anapowinda: husimama hewani juu ya shamba, akipigapiga mabawa na kutandaza mkia huku kichwa kimetulia, akimtafuta panya majanini. Kitenzi chake ni rütteln, ambacho kwa kawaida maana yake ni kutikisa.

Wanderfalke hutokana na wandern, kusafiri au kutangatanga. Anapojitupa kutoka juu kumfuata ndege mwingine, mwendo wake huzidi kilomita 300 kwa saa. Baumfalke, wa Baum yaani mti, huzaliana Ulaya na Asia kisha huhamia Afrika. Sakerfalke ana jina lenye asili ya Kiarabu, saqr.

Falke likitangulia, -n hubaki kama kiungo: Falkenauge ni jicho la kozi, na Falkenzahn, yaani jino la kozi, ni pembe ndogo kwenye ukingo wa mdomo wa juu. Kwa pembe hiyo kozi huvunja shingo ya windo. Ndiyo maana wawindaji Wajerumani humwita Bisstöter, auaye kwa kuuma, tofauti na Habicht ambaye ni Grifftöter, auaye kwa kushika.

Katika uwindaji na historia

Mwindaji anayetumia kozi ni der Falkner au die Falknerin, na sanaa yenyewe ni die Falknerei. Dume huitwa der Terzel, jina linalotokana na neno la Kilatini la theluthi, kwa kuwa ni mdogo kuliko jike kwa takriban theluthi moja. Jike huitwa das Falkenweibchen, nalo huchukua das kwa sababu ya kiambishi -chen.

Kaisari Friedrich II wa ukoo wa Staufer (1194–1250) aliandika kwa Kilatini De arte venandi cum avibus, kitabu kikubwa kuhusu ndege na uwindaji wa kutumia ndege. Alitumia maarifa ya Waarabu, pamoja na matumizi ya kofia ya ngozi ya kumfunika ndege macho. Falknerei iliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, nchi za Ghuba kama Falme za Kiarabu na Qatar zikiwemo. Ujerumani ilijiunga mwaka 2016.

Jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa na manowari iitwayo Falke, ya kundi moja na Bussard na Seeadler, zote zenye majina ya ndege mbuai. Bussard na Seeadler zilitumika katika pwani ya Tanzania ya leo wakati wa kuzima Vita vya Maji Maji.

Matumizi ya sasa

Katika siasa, Falken ni wanaopendelea nguvu za kijeshi, na wapinzani wao ni Tauben, njiwa. Vitabu vya zamani huwaita ndege mbuai Raubvögel, kutokana na rauben, kunyang'anya. Siku hizi neno linalopendekezwa ni Greifvögel, kutokana na greifen, kushika, kwa kuwa ndege anayewinda chakula chake hatendi uhalifu. Mabadiliko hayo yaliandamana na juhudi za uhifadhi. Wanderfalke aliyekaribia kutoweka Ujerumani kwa sababu ya sumu ya DDT, iliyofanya maganda ya mayai yake kuwa membamba, alikuwa ndege wa kwanza kuteuliwa Ndege wa Mwaka nchini humo, mwaka 1971. DDT ilipopigwa marufuku na viota vikalindwa, idadi yake iliongezeka tena.