Mbeleko Ilivyofika Marekani

Mwaka 1894 daktari wa watoto wa New York, Luther Emmett Holt, alitoa kitabu cha malezi ambacho akina mama wa Marekani walikitumia kwa miaka mingi. Kiliwakataza kumbembeza mtoto mchanga au kucheza naye kabla hajatimiza miezi sita. Akilia kidogo, aachwe. Kilio kinapanua mapafu. Mwaka 1928 mwanasaikolojia John B. Watson alizidisha: mtoto asipakatwe wala asibusiwe ovyo, na asubuhi apewe mkono. Bibi zetu wangeuliza huyo mtoto amekosa nini.

Hoja ya Watson ilikuwa kwamba kudekeza kunazaa mtoto asiyeweza kujitegemea. Mwanasaikolojia mwingine, Mary Ainsworth, aliona mambo tofauti. Alifika Kampala mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi huko, akaanza kuzitembelea familia 26 za Waganda vijijini na kutazama jinsi mama na mtoto wanavyoishi. Watoto waliokuwa na uhakika na mama zao ndio waliothubutu kutambaa mbali, wakagusa hiki na kile, kisha wakageuka kuhakikisha mama bado yupo. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka 1967.

Wakati huo mbeleko yenyewe ilikuwa imeshavuka bahari. Ann Moore, muuguzi wa watoto, alikwenda Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea. Huko aliona watoto wametulia mgongoni huku mama zao wakiuza sokoni. Aliporudi kwao akajifungua binti mwaka 1964, akajaribu kumbeba kwa shali. Mtoto akawa anateleza. Kufunga mbeleko kuna ufundi wake, na haufundishwi kwa siku moja: mama huinama, mtoto akalala mgongoni, nguo ikapitishwa chini ya makalio, ncha zikakazwa kifuani. Moore akamwomba mama yake, Lucy Aukerman wa Ohio, amshonee mfuko wenye mikanda. Watu wakaulizia, oda zikaja, na mwaka 1969 mfuko huo, Snugli, ukapata hataza.

Kilichopewa hataza ni mishono na mikanda. Wazo la kumfunga mtoto mwilini lilikuwa la akina mama wa Togo, na sidhani kuna aliyefikiria kuwalipa.

Mwaka 1986 watafiti wa Montreal, Hunziker na Barr, walipima kilio kwa saa. Watoto waliobebwa zaidi kila siku, hata wasipokuwa wamelia, walilia kwa muda pungufu kwa asilimia 43 walipofika wiki sita. Barr akajaribu tena mwaka 1991, safari hii kwa watoto wenye mchango, wale wanaolia bila kutulizika. Kubebwa hakukuwasaidia. Kwa mchango hata bibi zetu hawakutegemea mbeleko peke yake.